Jezi Namba Tano Haikuchanika

Watu wa mpira tuna ugonjwa mmoja. Timu ikishinda, kila mtu alishauri. Ikifungwa, tunatafuta wa kumtwisha, na hatumtafuti mbali: nusu watasema mwalimu hajui kazi, nusu watasema wachezaji wamevimba vichwa. Ubishi huo huanzia uwanjani, hulala sokoni Kilombero, na Jumapili utaukuta umekaa benchi la nyuma kanisani. Nilikuwa katibu wa klabu ya Blanketi ya Arusha kwa miaka kumi na moja na niliusikia mpaka masikio yakaota sugu. Nimemwona mtu mmoja tu aliyeweza kuumaliza, na mtu huyo hakuwahi kupiga mpira hata mmoja maishani mwake. Jina lake ni Tabea Sumari, mkaguzi wa blanketi.

Kiwanda kizima tulimwita Shangazi, kuanzia sisi wa ofisini mpaka walinzi wa getini. Alizaliwa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, na alikuwa na miaka sita Waingereza walipowahamisha Wameru kwa nguvu na kuzichoma nyumba zao. Familia ilishukia Poli kwa mjomba. Ukisema mbele yake kwamba alibebwa, utaipata. Alitembea kwa miguu yake, atakwambia, tena akiwa amekumbatia jogoo.

Kiwanda chetu kilipofunguliwa, mwaka wa sabini na mbili, alikuwa miongoni mwa wanawake kumi na wawili wa kwanza kuajiriwa. Alipewa meza iliyoinama mbele ya dirisha kubwa. Kazi yake ilikuwa kuvuta kila blanketi juu ya meza ile, mwanga ukipenya kwa nyuma, na kutafuta kasoro. Akiiona, anaizungushia chaki. Baada ya hapo vilianza vita. Watu wa kufuma walisema uzi ulikuja mbovu. Watu wa kusokota walisema uzi ulikuwa mzima, mashine za kufuma ndizo zilizoukata. Shangazi hakuingia kwenye kelele hizo. Aliushika uzi uliokatika, akaufuata kwa kidole kurudi nyuma, taratibu, mpaka pale ulipoanzia kulegea, halafu akasema, "Mashine ya nane. Jana, kabla ya chai." Watu wakaenda mashine ya nane, wakakuta kweli. Kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kusikia amekosea, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukukumbusha hilo.

Alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara. Alikuwa mtunza vifaa wa timu. Jezi zote zilipita mikononi mwake: kuhesabu, kushona, kubandika namba. Siku za mechi alikaa kwenye kreti ya soda nyuma ya goli letu, kikapu cha jezi za akiba miguuni, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni. Mashabiki wa timu ngeni walizoea kutuimbia, "Blanketi limetoboka, watoto watalala wapi?" Yeye aliwajibu bila kugeuka, "Leteni nishone."

Sasa nije kwenye mwaka wa tisini na nne. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila bidhaa ya nje ikiruhusiwa kuingia. Mitumba ilishuka Arusha kwa malori, na mablanketi ya kutoka nje, yenye picha za simba na chui, yalitandazwa kuanzia mjini mpaka Ngaramtoni kwa bei ambayo sisi hatukuiweza. Kiwanda kilikuwa kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa. Wazungu wawili na Mhindi mmoja walishakuja kukipima kwa macho. Bodi ikatuletea klabu ujumbe mfupi: timu ikibaki daraja la pili, itaingizwa kwenye mauzo kama jina zuri la kiwanda. Ikishuka daraja, inavunjwa msimu huo huo. Wachezaji kumi na wanane, miaka ishirini ya Jumamosi zetu, vyote vilining'inia hapo.

Hatukuwa na wasiwasi mwanzoni. Tulikuwa na mwalimu mzuri, Hans, Mchaga wa kuzaliwa Tanga kwa baba mtumishi wa reli, mtu wa maneno laini aliyejua mpira kweli. Beki wetu wa kati na nahodha, namba tano, alikuwa Fanuel Sumari, fundi wa mashine, mtu mrefu, mzito wa kusema. Huyu Shangazi alikuwa shangazi yake wa damu, dada wa baba yake. Golini tulimsajili kijana wa Rombo aliyekulia Ngarenaro, Prosper, mwepesi kama paka. Mpaka Pasaka tulikuwa nafasi ya tatu.

Pasaka hiyo hiyo Prosper alimwoa Hanna, mdogo wa mwisho wa Fanuel. Baba yao alishafariki siku nyingi, na Fanuel ndiye aliyemlea Hanna, akamsomesha, akapokea mahari. Kwa hiyo kwa mila alikuwa baba mkwe kamili ingawa alimzidi Prosper miaka kumi tu. Harusi ilikuwa Poli, nasi wana Blanketi tulijaa malori mawili. Shangazi alipendeza kuliko bibi harusi, na akahakikisha tunalijua hilo.

Baada ya Pasaka tukaanza kufungwa. Tena si kufungwa kwa heshima. Ulikuja mpira wa juu, wa kawaida kabisa, ukadondoka katikati ya watu wawili wazima, Fanuel na Prosper, na kila mmoja akamtazama mwenzake kama wageni wanaopishana mlangoni. Mshambuliaji wa watu akapita hapo akafunga kwa paja. Mabao tisa kwa mechi sita, na saba kati ya hayo yalikuwa ya namna hiyo. Tukashuka mpaka ukingoni. Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya timu ya Moshi. Sare ingetubakiza. Tukifungwa, kwaheri.

Mji mzima ukagawanyika. Wachezaji walisema mwalimu amebadilisha ulinzi. Mwalimu alisema wachezaji hawasikii. Mmoja pale Kaloleni aliapa kwamba Fanuel amehongwa, na mwingine akaapa kwamba Prosper haoni vizuri tangu aoe, akaeleza na sababu, ambayo siwezi kuiandika.

Kamati ikakutana Alhamisi saa nne asubuhi kwenye kantini ya kiwanda. Mwenyekiti wetu alikuwa Loserian, Mwarusha, msimamizi wa ghala, mtu wa kupiga meza. Mwalimu Hans aliitwa, na Fanuel akaitwa kama nahodha. Mimi, Reginald, nilikaa pembeni naandika muhtasari.

"Nimewapanga vilevile tangu Januari," alisema Mwalimu Hans. "Nawaambia golikipa aongoze ukuta, apige kelele. Hapigi. Nimfunge kengele shingoni?"

"Mwalimu anasema sana," akajibu Fanuel, macho chini. "Mpira hauchezwi na maneno."

"Basi," Loserian akapiga meza. "Mimi sina muda. Kuna mtu lazima aondoke hapa."

Akafungua faili, akatoa barua ya kumwachisha kazi Mwalimu Hans. Ilikuwa imeshapigwa chapa na kugongwa mhuri. Mwalimu aliitazama. Uso wake ulinywea, nami nikainamia daftari langu.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa na Shangazi akaingia, koti la kazi limejaa manyoya ya blanketi, mkononi jezi iliyokunjwa.

"Shikamoo, Shangazi," tukasema wote, hata Loserian.

"Marahaba. Nimeleta jezi."

"Shangazi, tuko kwenye kikao," Loserian akasema kwa upole wa kujilazimisha. "Jezi tutaziona kesho."

"Hii mtaiona leo." Akaitandaza mezani, juu ya barua. Ilikuwa namba tano. "Nioneshe ilipochanika."

Loserian akaigeuza mbele na nyuma. "Haijachanika."

"Ndiyo. Haijachanika. Tangu nianze kushona jezi za timu hii, namba tano huwa naishona mabega mara nne, mara tano kwa msimu. Beki wa kati anagongana na golikipa. Anavutwa, anapandwa. Yule golikipa wa zamani alikuwa akimkamata Fanuel hapa begani na kumsukuma kama kabati. Mwaka huu nimeishona mara mbili, zote kabla ya Pasaka. Baada ya Pasaka sijaigusa. Inarudi imenyooka, utafikiri imetoka kwaya."

"Sasa jezi kutochanika nayo ni kosa?"

"Kwa namba tano ni kosa kubwa." Akamgeukia mwalimu. "Baba, baada ya Pasaka ulibadilisha nini?"

"Hakuna, Mama. Mungu ni shahidi."

"Fanuel, unaumwa mguu?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi mwalimu ni yule yule, wachezaji ni wale wale. Mnapigana bure. Mimi nakaa nyuma ya goli, hatua nne. Jumamosi iliyopita, bao la pili, mpira ulikuja juu hivi. Prosper alifungua mdomo. Mnajua alisema nini?"

Loserian akatikisa kichwa.

"Alisema, 'Samahani, Baba, naomba huo mpira.' Hakufika hata kwenye 'mpira'. Ulikuwa wavuni."

Mwalimu Hans alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Fanuel hakucheka. Alizidi kuinamisha kichwa.

Shangazi hakuwa amemaliza. "Uzi nimeufuata mpaka ulipoanzia," alisema. "Jioni ya kuamkia harusi nilimweka Prosper chini jikoni kwangu, nikamfunda. Nilimwambia huyu Fanuel sasa ni baba yako. Hutamtaja jina. Hutampazia sauti. Hutamgusa. Mkikutana njiani, utampisha. Nilimwambia popote, Prosper, kumbuka, popote. Kijana wa watu alikuwa mgeni kwetu, akataka tumpende, akashika kila neno. Na Fanuel naye akajiweka mbali na mkwewe kama inavyotakiwa. Nilisahau kwamba hawa wawili kazi yao ni kugombana kila Jumamosi. Sikufikiri. Kosa si la mwalimu, wala si la wachezaji. Kosa ni langu."

Nataka mnielewe vizuri. Huyu alikuwa mwanamke ambaye meneja mkuu aliwahi kumwomba radhi kwa kumbishia kuhusu mashine ya tatu. Alikuwa hajawahi kukosea, na alijua kwamba sote tunajua. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemshuku. Angekaa kimya kwenye meza yake, barua ingemshukia Hans, na hadhi yake isingepungua hata kidogo. Alikuja mwenyewe mbele ya wanaume saba wenye hasira akasema neno lile. Nimehudhuria vikao vingi, vya klabu, vya chama, vya usharika. Sijawahi kuona mtu mkubwa namna ile.

"Sasa Shangazi," Loserian akasema, safari hii bila kupiga meza, "tukuandikie wewe barua?"

"Niandikieni. Lakini kwanza hebu nione hiyo." Akaivuta kutoka chini ya jezi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ina tarehe ya jana. Kikao ni leo. Nani aliyeiandika kabla hatujasikilizana?"

Loserian akajikuna sikio. Wajumbe wakatazama chai zao. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, nikaendelea kuandika muhtasari, ingawa hakuna aliyekuwa akisema chochote.

Shangazi aliirudisha barua mezani taratibu. Kikao kikaamua Mwalimu Hans abaki mpaka Jumamosi, na Shangazi alifungue alilolifunga.

Kulifungua haikuwa rahisi. Neno la shangazi, likishasemwa jikoni usiku wa kufundwa, halifutwi kwa kusema "nimefuta". Isitoshe Fanuel aligoma. Alitufuata koridoni mimi na shangazi yake.

"Shangazi, Jumamosi Poli nzima itakuwa uwanjani. Mchungaji atakuwepo. Wazee wataniona nafokewa na mtoto aliyemwoa dada yangu? Kesho nitakaa wapi kwenye kikao cha ukoo? Heri tushuke daraja."

Alimaanisha. Huyo ni mtu aliyekuwa akilia timu ikifungwa. Shangazi hakumlazimisha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemlea kuwa hivyo. Alinigeukia mimi. "Reginald, wewe ni Mchaga. Huko kwenu mkwe akimkosea mkwe, mnafanyaje?"

"Analeta sale," nikasema.

Wanaotoka kwetu wanalijua jani hilo, refu la kijani, linaloota kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mtu akikukosea akakuletea jani la sale lililofungwa fundo, unamsamehe. Kulikataa ni kujitafutia balaa, na hata mlevi hathubutu. Wameru nao wanaliheshimu.

"Basi," Shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anatabasamu.

Ijumaa alasiri tulikuwa kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya kiwanda. Prosper alikuja na nguo zake za Jumapili, koti na yote, jani la sale mkononi. Alimkaribia Fanuel mpaka hatua tatu, akainama.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha."

Fanuel alilitazama jani, akamtazama kijana. "Umefanya nini?"

"Bado, Baba. Ni kesho."

Mwalimu Hans aligeukia mlima ili asionekane anacheka. Naamini katika nchi hii hakuna mzee aliyewahi kuombwa msamaha wa matusi yasiyotukanwa bado, na mila haikuwa imemwandalia jibu. Lakini jani ni jani. Akanyoosha mkono akalipokea.

"Ndani ya chokaa tu," alisema.

"Ndani ya chokaa tu, Baba."

Basi Prosper akavua koti, wakaanza mazoezi. Shangazi alikaa kwenye kreti yake nyuma ya goli. Mwalimu akapiga mpira wa kwanza wa juu. Prosper akasema, "Fa... Fanueli," kwa sauti ya mtu anayeita paka asiamshe mtoto.

"Huko Rombo ng'ombe mnamwita hivyo?" Shangazi akafoka. "Rudia!"

Mpira wa pili ulikuwa vilevile. Wa tatu wakagongana, na Prosper akaomba radhi mara nne. Kwenye wa tisa Fanuel mwenyewe ndiye aliyechoka. Akamgeukia mkwewe: "Prosper, mimi nimeshakusamehe. Sasa usiuharibu msamaha wangu bure. Piga kelele!" Mpira wa kumi ukaja, na sauti iliyotoka kwa kijana yule, wafanyakazi wa zamu ya jioni waliisikia juu ya mashine.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja kutoka Poli, Tengeru, Maji ya Chai, na mabasi matatu kutoka Moshi na ngoma zao. Wazee wa Kimeru walikaa pamoja upande wa jua, fimbo katikati ya magoti. Mimi nilijisogeza nyuma ya goli karibu na Shangazi, nikijidai nimekuja kuhesabu mipira.

Dakika ya nane kona. Mpira ukapanda, Fanuel akapanda, na Prosper akatoka golini akipiga ukelele uliofika jukwaa la mwisho: "Fanuel, acha!" Fanuel akainama. Prosper akampitia begani, akaudaka mpira juu kabisa. Uwanja wote ukashangilia isipokuwa upande wa wazee, ambako ulipita mguno mrefu, na nikaona mzee mmoja akishika kichwa.

Shangazi alisimama kwenye kreti, akageukia upande ule. "Ameshaomba msamaha!" aliwapigia kelele, mama wa miaka arobaini na tisa, sindano kwenye kola. "Jana! Kwa sale! Tulieni muangalie mpira!"

Wakatulia. Kwani wangefanyaje?

Moshi walitushambulia dakika themanini na mbili zilizobaki. Sikumbuki kama sisi tulipiga hata shuti moja. Lakini kila mpira wa juu ulipokuja sauti ya Prosper iliutangulia. Kushoto, Fanuel! Panda, Fanuel! Toka! Dakika ya sitini alishasahau woga wote. Fanuel alipochelewa kurudi, kijana akamwuliza mbele ya watu elfu tano, "We Fanuel, umelala?" Wazee walicheka, mmoja akaanza na wengine wakamfuata, wakipiga fimbo chini. Na Fanuel, yule mtu mzito wa kusema, akajibu, "Naam!" na kurudi mbio.

Tulitoka bila kufungana. Nimeona timu zikishinda vikombe, lakini sijawahi kuona sifuri iliyonijaza fahari kama ile. Mwalimu Hans alibebwa juu juu mpaka viatu vikamtoka. Wachezaji walipofika kwenye mstari wa chokaa, Prosper akasimama ghafla. Akajiweka kando, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Pita, Baba." Fanuel akapita mbele, kifua wazi, jezi imechanika kuanzia bega mpaka kwapani. Shangazi aliipokea akaiinua juu watu waione, kama mama aliyejifungua.

Jioni ile Arusha nzima ilikuwa na jibu jipya. Si mwalimu, si wachezaji, bali shangazi! Walisema kwa utani na kwa upendo. Yeye alikubali utani wote. Alipita katikati ya watu wale kichwa juu, na niliona kwamba kukiri kwake hakukumpunguzia kitu. Nilifurahi naye sana. Halafu nikaenda nyumbani, na sikuweza kula.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Poli. Nilimkuta uani kwake, anachambua kahawa kwenye ungo, moja moja, jicho lile lile la kazini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Reginald. Kaa. Chai ipo."

Sikukaa. "Shangazi, ile barua ya Mwalimu Hans. Niliipiga chapa mimi. Jumatano, kabla ya kikao."

"Najua," alisema bila kuinua macho. "Herufi 'e' ya mashine yako imeziba, haina tundu. Barua zangu zote za likizo ziko hivyo."

Nikakaa. "Mbona hukusema pale?"

"Ningesema mimi, ingekuwa nimekukamata. Nilikuwa nakungoja. Loserian alikulazimisha?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Loserian asingekataa, maana alishasahau wazo lilikuwa la nani. "Hapana," nikasema. "Wazo lilikuwa langu. Nilimfuata mimi, nikamwambia ni rahisi kumfukuza mmoja kuliko kumi na mmoja. Nilikuwa nimechoka na ubishi. Sikujali kama ni kweli."

Shangazi aliokota punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku. "Na Hans amejua?"

"Hajui."

"Basi umepanda mlima bure. Mimi hukunikosea." Akanimiminia chai mpaka juu ya kikombe. "Kunywa, halafu shuka."

Niliinywa haraka mpaka ikaniunguza ulimi. Mwalimu Hans alikuwa amepanga chumba Kaloleni, kwenye nyumba yenye wapangaji sita, na nilimkuta uani anafua soksi, bado anapiga mluzi wa jana. Aliinuka akinifungulia mikono. "Katibu! Karibu, karibu sana!" Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kwa sauti iliyowatoa wapangaji wote vyumbani, kwamba ile barua ilikuwa yangu.